Kusaka Vitu Bila Kung'atwa: Mwongozo Kamili wa Project Zomboid kwa Anayeanza

Wiki yake ya kwanza ya kucheza Project Zomboid, mchezo wa kompyuta wa kujinusuru kati ya mazombi, yaani maiti wanaotembea, mpwa wangu alikufa mara kumi na moja. Nilikuwa nakaa nyuma yake sebuleni, nyumbani kwetu Majengo hapa Moshi, na baada ya siku mbili nikaanza kuandika kwenye daftari jinsi kila kifo kilivyotokea, kwa sababu niliona jambo linajirudia. Kifo kimoja kilikuwa cha ajali ya gari, kingine cha njaa. Vile tisa vingine vyote vilimkuta na begi lililojaa mpaka pomoni, yuko ndani ya nyumba ya mtu, anafungua kabati la mwisho. Nikimwambia "toka sasa", jibu lilikuwa lile lile: "Mjomba, ngoja nimalize hili moja."

Kwa hiyo mwongozo huu nimeujenga juu ya vitu viwili, uzito wa mzigo na njia ya kurudi. Mengine yote, silaha, chakula, mapigano, nitayaeleza kwa kuyapima na hivyo viwili.

Kwa ambaye hajawahi kuugusa: mchezo umetengenezwa na The Indie Stone, na ulianza kuuzwa Steam, duka la michezo la mtandaoni, mwaka 2013 ukiwa bado unajengwa. Unachezwa kwa kuangalia mtu wako kutoka juu kwa pembeni, ndani ya eneo la kubuni liitwalo Knox huko Kentucky, Marekani. Kwa mpangilio wa kawaida unaanza tarehe 9 Julai 1993, saa tatu asubuhi. Dawa ya ugonjwa unaogeuza watu kuwa mazombi haipo, na mhusika wako akifa amekufa. Unaanza na mwingine, na ukirudi kwenye ulimwengu ule ule unaweza kukutana na yule wa zamani anatembea akiwa zombi, begi lako mgongoni. Ninayoeleza hapa ni ya toleo la 41, lililokamilika Desemba 2021. Toleo la 42, lililofunguliwa kwa majaribio Desemba 2024, limebadilisha mengi, lakini namna ya kuingia nyumba na kutoka haijabadilika.

Namba tatu za kukariri

Zombi akikugusa, matokeo ni ya aina tatu. Mchubuko wa kucha una uwezekano wa asilimia 7 wa kukuambukiza. Mpasuko wa ngozi, asilimia 25. Jino ni asilimia 100.

Maana yake, kushinda pambano si usalama. Unaweza kuangusha mazombi kumi ukapata jino moja kwenye mkono, na mchezo umeshakwisha ingawa bado unatembea. Ndiyo maana watu wenye uzoefu huonekana waoga. Hawataki kuguswa, basi. Na ukipata mchubuko usikate tamaa ukajitupa kwenye kundi kama alivyofanya mpwa wangu mara moja. Uko salama kwa asilimia 93. Safisha jeraha, funga bandeji, endelea. Jeraha linaweza pia kuingia uchafu wa kawaida, na huo unapona kwa dawa ya kuua vijidudu au hata pombe kali uliyookota kwenye baa. Huo si ugonjwa wa mazombi.

Hatua ya kwanza: kabla hujatoka mlangoni

Chagua pa kuanzia. Rosewood na Riverside ni miji midogo yenye mazombi wachache. Muldraugh na West Point vina wingi wa kumlemea mgeni, na Louisville usiisogelee mpaka uwe umeishi miezi kadhaa. Mimi huwashauri watu Rosewood, kwa sababu kuna kituo cha zimamoto ambako mara nyingi unapata shoka na nguo nzito, na kituo cha polisi hakiko mbali.

Kisha mzigo. Aliyekulia Moshi anajua wapagazi wa mlimani. Mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani getini kabla hajaanza kupanda, na kikomo ni kilo 20. Hawapimi akiwa ameshachoka kambini, wanapima chini, pale ambapo kilichozidi bado kinaweza kutolewa. Fanya hivyo hivyo. Fungua dirisha la mzigo wako, angalia namba ya uzito iliyo juu, kisha toa kila kitu ambacho safari hii haikihitaji: vitabu, nyundo, misumari, makopo ya jana. Vyote vibaki kwenye kreti nyumbani. Utoke na silaha moja mkononi, nyingine ndogo ya akiba, bandeji mbili au tatu, chupa ya maji na kitu kidogo cha kutafuna. Begi litoke tupu kabisa.

Kuna siri ndogo hapa ambayo wengi wanachelewa kuigundua. Kitu kilicho ndani ya begi ulilovaa mgongoni kinahesabiwa uzito pungufu, lakini kile kile ukikibeba mwilini bila begi kinahesabiwa wote. Kwa hiyo vizito vyote viingie begini, na mwilini ubakize vile tu ambavyo utavihitaji kwa haraka, yaani silaha na bandeji. Begi kubwa la kupandia milima ni bora kuliko la shule, na ukiliona kwenye mgongo wa zombi, huyo ni zombi wa kumfuata kwa mpango.

Vaa nguo ndefu. Koti na suruali nzito hupunguza nafasi ya kucha na meno kufika kwenye ngozi. Julai ya Kentucky ni kiangazi cha joto, si kama Julai yetu ya baridi na mawingu, kwa hiyo utatokwa jasho na kiu itakuja mapema. Hapo ndipo chupa ya maji inapolipa.

Mwisho, tafuta saa ya mkononi. Bila saa, mchezo haukuonyeshi muda. Mara nyingi utaipata kwenye mkono wa zombi uliyemwangusha. Siku nzima ya mchezo ni kama saa moja ya kweli, hivyo dakika tano za kusitasita zinakula saa mbili za mchana. Saa ya kwenye skrini inasomeka 16:00, nayo ni saa kumi jioni ya kwetu. Mimi hugeuka nyumbani muda huo, ingawa huko jua la Julai linachelewa sana kuzama. Gizani huoni nyuma yako, na tochi inakuonyesha kipande tu cha mbele.

Hatua ya pili: kwenda

Nenda kwa miguu, umeinama, kwa kitufe cha C. Mwendo wa kuinama unachosha kidogo kuusubiri, lakini sauti yako inashuka na mazombi hawakuoni kwa urahisi. Kukimbia kuache kwa ajili ya kutoroka. Kila unapokimbia bila sababu unatumia pumzi ambayo utaidai baadaye, na mtu aliyechoka anapiga kwa nguvu ndogo sana.

Ukienda, tazama unakopita kwa macho ya mtu anayerudi. Uzio mfupi uko wapi? Huo ni rafiki yako, kwa sababu zombi anayeuruka huanguka chini kifudifudi kwa sekunde chache. Kichaka kiko wapi? Hicho kinakupunguza mwendo, na ukikimbia kwa kasi kati ya miti unaweza kujikwaa. Gari lililoegeshwa, kona ya nyumba, chochote cha kukuficha machoni. Mpwa wangu sasa ana tabia ya kusimama kila baada ya nyumba mbili, anageuza mtu wake nyuma, anaangalia, halafu anaendelea. Inamchukua sekunde tatu.

Vaa vifaa vya masikio ukicheza. Mwezi wa nne mvua za masika zikigonga bati hapa kwetu, spika ya kompyuta husikii chochote, na mlango unaosukumwa nyuma yako utausikia ukiwa umechelewa.

Hatua ya tatu: kuingia nyumba

Hapa ndipo wengi wanakufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiingie nyumba ambayo hujaizunguka. Tembea pande zote nne, chungulia kila dirisha, hesabu milango. Nyumba yenye mlango mmoja tu na madirisha yaliyo juu, iache kama si lazima. Ukiwa bado umeinama, bonyeza Q karibu na dirisha; mtu wako ataita kwa sauti ya chini. Ukisimama wima ukabonyeza Q atapiga kelele mtaa mzima usikie, kwa hiyo kuwa makini na mkao wako. Baada ya kuita, subiri. Waliomo ndani watakuja kugonga kioo au mlango, na utawamalizia nje, uwanjani, penye nafasi ya kurudi nyuma.

Jaribu mlango kwanza. Ukiwa umefungwa, jaribu madirisha yote, moja baada ya jingine, kwa sababu mara nyingi kuna moja halijakomewa. Kuvunja kioo ni chaguo la mwisho. Kwanza kelele, pili ukipita bila kuondoa vipande vya kioo utajikata, na jeraha la kioo linakutoa damu kama jingine lolote. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya dirisha, ondoa vipande, ndipo upite.

Nyumba nyingine zina king'ora. Hakuna alama ya kukuonya kutoka nje. Kikilia, mazombi wa mbali watasikia na watakuja kutoka pande zote. Usijadiliane nacho. Hata kama umeona begi zuri kwenye kochi, toka kwa njia uliyoingilia, nenda moja kwa moja mbali na nyumba hiyo, na usiende nyumbani kwako. Urudi kesho kutwa.

Ukiwa ndani salama, kazi ya kwanza si kupekua. Fungua komeo la mlango wa pili, ule wa nyuma, ili uwe na pa kutokea. Funga mlango ulioingilia. Vuta mapazia. Kisha pita chumba hadi chumba, silaha ikiwa tayari, bila kugusa kabati lolote. Vyoo na bafu vinahitaji heshima ya pekee: mlango umefungwa, chumba kidogo, na aliyemo ndani yuko hatua moja kutoka kwako. Fungua, rudi nyuma hatua mbili, subiri, halafu tazama.

Ghorofani panda tu ukishasafisha chini. Kama utalala huko juu au utakaa muda mrefu, tengeneza kamba kwa mashuka na uifunge dirishani kwa nyundo na msumari. Ngazi moja tu ya kushukia ni mtego.

Hatua ya nne: nini kichukuliwe

Uliza swali moja kwa kila kitu: hiki kina thamani gani kwa uzito wake? Televisheni ni nzito na haina kazi ya safari. Jarida la namna ya kutumia jenereta ni jepesi kama karatasi, na bila hilo, mtu wa kazi ya kawaida hataweza kuunganisha jenereta hata akiwa nayo. Lichukue hata kama begi limejaa.

Siku za mwanzo umeme na maji bado vipo. Kwa mpangilio wa kawaida vyote viwili hukatika wakati wowote ndani ya siku 30 za kwanza, na havikatiki lazima siku moja. Sisi tuliozoea umeme kwenda bila taarifa na ndoo za akiba kukaa jikoni tuna faida hapa. Kila chupa, sufuria na ndoo unayoipata, ijaze maji leo. Kula kwanza vya kwenye friji, nyama, maziwa, mboga, kwa sababu hivyo vitaoza. Makopo yaache yajikusanye, na usisahau kifungua kopo. Nimemwona mpwa wangu anakaa na maharage kumi na manne ya kopo huku mtu wake ana njaa, kwa kukosa chombo hicho kimoja.

Baada ya chakula ninaangalia zana: nyundo, msumeno, bisibisi, misumari. Mtaimbo ukiuona uchukue, hauvunjiki upesi na unaua vizuri. Dawa, bandeji, sindano na uzi viko bafuni. Mashuka na nguo za kawaida hugeuka vitambaa vya kufungia majeraha, kwa hiyo huna haja ya kubeba furushi zima la nguo. Vitabu vya ufundi nabeba safari ya pili.

Kuhusu safari ya pili. Begi likifika nusu, simama uamue. Mzigo mzito una alama yake pembeni mwa skrini, na alama hiyo ikionekana tayari mwendo wako umepungua na unachoka haraka. Badala ya kulijaza, rundika vilivyobaki karibu na mlango wa nyuma wa nyumba hiyo, ufunge mlango, uviandike kwenye ramani kwa kitufe cha M, urudi kesho. Vitu havihami. Safari mbili za nusu begi ni salama kuliko moja ya begi lililovimba, na zinachukua muda karibu ule ule, kwa sababu mwenye mzigo mwepesi anatembea haraka.

Gari linabadilisha hesabu hii, maana buti inabeba kingi. Funguo tafuta ndani ya gari lenyewe, kwenye nyumba ya jirani, au mifukoni mwa zombi aliye karibu nalo. Kuwasha bila funguo kunahitaji ujuzi wa umeme daraja la 1 na ufundi magari daraja la 2, isipokuwa umechagua kazi ya mwizi mwanzoni. Liegeshe limeelekea barabarani, tayari kuondoka, na usiliegeshe mbele ya nyumba unayoipekua. Injini inaita watu.

Hatua ya tano: ukilazimika kupigana

Mmoja mmoja. Wawili ukiwa hujachoka. Watatu, rudi nyuma mpaka watawanyike, au wapitishe juu ya uzio mfupi uwapige wakiwa wameanguka. Sukuma kwa kitufe cha nafasi, akianguka kanyaga kichwa. Mtu wako akianza kuhema, alama ya uchovu ikitokea, acha pambano uondoke kwa kutembea. Mazombi wa kawaida wanakwenda taratibu kuliko wewe. Nimeona watu wanakufa wakiwa na shoka zuri kabisa, kwa sababu tu waliendelea kupiga nalo mikono ikiwa imeisha nguvu.

Bunduki iache nyumbani miezi ya mwanzo. Risasi moja inaleta kumi.

Siku ya helikopta

Kati ya siku ya 6 na ya 9, kwa mpangilio wa kawaida, helikopta itapita mara moja. Ikikuona nje itakufuata juu kwa juu, na kelele zake zitakuletea kila zombi wa karibu. Tafuta redio mapema na uzungushe masafa mpaka upate kituo cha matangazo ya dharura, kile kinachosoma hali ya hewa kwa sauti ya mashine. Kitakupa dokezo kuhusu shughuli za angani. Kuanzia siku ya 6 uwe na chakula na maji ya siku tatu ndani, usiende mbali. Hiyo pia ndiyo wiki ya kukaa mbele ya televisheni: chaneli ya mafunzo ya nyumbani inakufundisha useremala, upishi na mengine bila kutoka, mradi umeme upo.

Hatua ya sita: kurudi

Kamwe usirudi moja kwa moja ukiwa na mkia. Hata zombi mmoja anayekufuata atagonga mlango wako, na mlio wake utaleta wengine. Pita kona mbili, ruka uzio, inama, subiri nyuma ya nyumba mpaka apoteze macho, ndipo ushike njia ya nyumbani. Ukifika, kagua mwili kabla ya kupanga vitu. Badilisha bandeji chafu. Ukiona kichefuchefu, usihukumu haraka. Chakula kilichoharibika na maiti zilizorundikana karibu na nyumba nazo zinaleta hali hiyo. Maiti zipeleke mbali.

Wakikuzidi njiani, tupa begi. Nasema hili kwa uzito wote, kwa sababu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kwa mpwa wangu. Begi unaloliweka chini linabaki pale pale, na lililo mgongoni mwa maiti yako linahitaji mtu mwingine aje kulichukua.

Jumamosi iliyopita alikuwa Rosewood, siku yake ya 19 na mtu yule yule, anatoka nyuma ya nyumba moja akiwa na makopo, msumeno na lile jarida la jenereta ambalo tulikuwa tunalitafuta wiki nzima. Wakatokea watano kwenye kona. Niliona mkono wake umeganda juu ya kipanya. Halafu akafungua dirisha la mzigo, akaweka begi chini kwenye nyasi kando ya uzio, akaruka, akaenda. Sikusema neno. Asubuhi ya mchezo akarudi akiwa ameinama, akazunguka nyumba pande zote nne, akakuta wawili tu. Begi lilikuwa pale pale kwenye nyasi. "Mjomba," akaniambia akilivaa, "limekaa hata halijalowa."